Sauti ya Mama Kinywani mwa Mwingine

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu,

Nakusalimu kwa upendo wote wa dada, na naomba barua hii ikukute mzima wa mwili na mwenye usingizi mzuri. Huku kwetu hatujambo, tunasukuma siku. Shemeji yako mgongo unamsumbua akitakiwa kuinama, ila akiitwa kula hauumi. Watoto wanarefuka kwa fujo, nguo ninazowashonea zinawaacha vifundo nje kabla hata hazijapauka. Mama anaendelea vizuri. Kidonda cha shingoni kimekauka, lile tundu analopumulia halitoi tena maji kama siku zile, na daktari alipomwona mara ya mwisho alisema hana la kuongeza. Anakula taratibu, anatembea hadi sokoni na kurudi, na bado anapitisha kidole kwenye mishono yangu na kunirudishia nguo nikienda kombo. Na wewe je, kile kikohozi chako cha kukaa kwenye vyumba vya kurekodia visivyo na madirisha kimepona? Unakula kwa wakati, au bado unaishi kwa chai na mkate?

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimepiga, mdogo wangu. Inaita mpaka inachoka. Na ile siku uliyoipokea uliniambia uko katikati ya kazi, utanipigia, na mpaka leo nakusubiri. Basi nimeona niandike, kwa sababu barua haikatiki katikati wala huwezi kuiambia kwamba mtandao mbaya. Isome yote hata ikikuuma. Ninayokuandikia yamenitia kinyaa kiasi kwamba juzi, nikiwa nampima mteja kiuno, nilijikuta nimesonya kwa nguvu, na yule mama wa watu akadhani nimeusonya mwili wake.

Nianze na kanisa letu, maana uliloliacha wewe silo tulilo nalo.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiimba. Mama alikuwa akisimama pale kwenye benchi lake la dirishani, anasafisha koo, anaanzisha wimbo bila kinanda wala ngoma, na sisi wote tunamdaka. Akianzia juu sana, wanaume wanalia kama waliobanwa vidole na mlango. Akianzia chini, wanawake tunanguruma. Yule mzee fundi viatu tuliyembandika jina la Besi alikuwa akiingia wa mwisho kabisa, huko nyuma, kama aliyechelewa ibada, lakini akishaingia unausikia wimbo miguuni kupitia ubao wa benchi. Walikuwepo wasiojua kuimba hata kidogo, shemeji yako akiwa mwenyekiti wao, na wao waliimba. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Mama alikuwa akisema wimbo wa kanisani ni mzigo wa kubeba pamoja, asiye na nguvu aweke mkono tu. Haikuwa nzuri kila Jumapili, sitaki kukudanganya, lakini ilikuwa yetu na ilitoka vifuani mwetu.

Mchungaji huyu mpya alikuja wakati mama ametoka hospitali na bado tunajifunza kumsafisha lile tundu. Haikumchukua muda kutuambia kwamba uimbaji wetu unamfukuza Roho. Alisema kuimba ni huduma ya waliopakwa mafuta, si ya kila mwenye mdomo. Kwaya ikavunjwa. Vitabu vya nyimbo vikapelekwa stoo pamoja na fagio na ndoo za kudekia. Nilivikuta huko mwenyewe, panya wameshaanza na majalada. Palipokuwa pa kwaya pakajengwa jukwaa la mbao lenye zulia, likazungushiwa taa za rangi zinazowaka na kuzima mpaka mtu unajiuliza kama umekuja kutubu au kucheza. Zikaletwa spika, kila moja na urefu wa kabati la nguo, zikasimamishwa ukutani huku na huku. Wakachaguliwa vijana wenye sura nzuri, wakaitwa Timu ya Sifa, na mbele yao akawekwa Mama Mchungaji.

Sare zao nilizishona mimi, na hapo ndipo nilipoanza kukinai. Walitaka kile kitambaa cha kung'aa kinachowasha mwili, kibane kifua na kiuno kama gamba. Nikawauliza, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu, kwamba nikibana hivi mwimbaji atapata wapi nafasi ya kuvuta pumzi. Wakatazamana, wakacheka, wakaniambia Dada fundi, wewe bana tu. Sikukielewa kicheko kile. Nilibana kama walivyotaka, nikashangaa kuwaona Jumapili wanarukaruka na kuimba bila hata mshono mmoja kufumuka.

Waumini tumekuwa watazamaji. Spika zikiwashwa, ukiimba hujisikii hata wewe mwenyewe, sembuse jirani yako. Mwanzoni watu walijitahidi kupaza sauti, baadaye wakachoka, baadaye wakatoa simu wakaanza kupiga picha. Shemeji yako, mtu ambaye angeimba hata kwenye foleni, sasa kanisani anafumba mdomo na nyimbo zake anazimalizia bafuni. Besi huja na pamba masikioni. Huzitoa mahubiri yakianza, na Jumapili nyingine huwa hazitoi kabisa. Mimi ningekuwa nimeshahama zamani. Aliyekataa ni mama. Siku hizi akitaka kusema neno refu huchukua chaki yangu ya kuchorea nguo na kuandika juu ya meza ya kukatia, kisha hufuta kwa mkono wa gauni. Aliandika kwamba kanisa si la mchungaji, akafuta, na mjadala ukaishia hapo.

Sasa sikiliza. Jumapili moja Mama Mchungaji alipanda jukwaani peke yake. Sauti ya huyu mama tunaijua. Kwenye mkutano wa wanawake, mahali pasipo na spika, aliwahi kutuanzishia wimbo na kila mmoja akaupokea kwa njia yake, maana hatukujua anaelekea wapi. Simcheki kwa hilo. Kuimba vibaya si dhambi, ingekuwa dhambi mume wangu angeungua zamani. Basi taa zikazimwa, ikabaki moja usoni mwake. Akafumba macho, akasogeza maiki mdomoni, na ikatoka sauti.

Nywele zilinisimama. Kwanza kwa utamu, nikasema moyoni kumbe Mungu bado anatenda, na machozi yakanilenga. Mstari wa pili nikaanza kuitambua pale inapopanda, ule mkwaruzo mdogo unaotangulia noti ya juu, kama droo iliyokaza kabla haijafunguka. Halafu, chini ya kinanda na ngoma za mashine walizozipachika, nikasikia ndara. Ndara ya mpira kwenye sakafu ya saruji, ikigonga pole pole na kuchelewa kidogo kila mwisho wa mstari. Nikatazama miguu ya Mama Mchungaji. Alikuwa amevaa viatu vya visigino virefu, vimetulia tuli juu ya zulia.

Huhitaji kuambiwa ndara ile ni ya nani. Ni ya siku ile kabla mama hajalazwa, ulipokuja na maiki yako na nyaya zako, ukatundika mablanketi madirishani mwa chumba changu cha kushonea, ukanikataza nisiguse cherehani. Madaktari walishasema wataondoa koromeo lote na sauti haitarudi. Ukamketisha mama kwenye kigoda changu, ukamwomba aimbe ule wimbo wake wa kuanzia ibada. Ulimwomba avue ndara zisigonge, akakataa, akisema sakafu ina baridi na bila kugonga mguu hajui kuimba. Ukacheka ukasema basi zigonge tu, hii ni yetu sisi wanawe, nani mwingine ataisikia.

Nikamgeukia mama. Alikuwa amekaa wima, kitambaa cha shingoni kimemkaa vizuri, na midomo yake ilikuwa ikienda. Kila neno mahali pake. Kule jukwaani mwanamke mmoja anafungua mdomo bila sauti, huku ubavuni mwangu mwanamke mwingine anafungua mdomo bila sauti, na sauti yenyewe inatoka kwenye lile kabati la spika ukutani. Watu wanalia, wameinua mikono. Mama alinishika goti akalibana mpaka kucha zikaniingia. Nilitoka nje nikaenda kutema mate nyuma ya choo cha kanisa kama mwenye mimba changa.

Shemeji yako aliniambia sauti za watu hufanana. Nikamuuliza kama na ndara nazo hufanana. Kesho yake nikamfuata yule fundi mitambo wa kanisa, kijana mpole tu anayetengeneza redio na televisheni, nikamuuliza wimbo ule kautoa wapi. Hakuficha kitu. Aliniambia kwamba siku za ibada maiki zote za jukwaani huwa zimezimwa isipokuwa ya mchungaji, na kwamba Timu ya Sifa hawajawahi kuimba hata Jumapili moja, kila kitu hutoka kwenye kompyuta. Nikakumbuka zile sare na kile kicheko. Kuhusu wimbo wa mama alinijibu kwa mshangao, kama aliyeulizwa jambo ambalo nilipaswa kulijua mimi. Jibu lake nitalifikia. Nataka kwanza uyasikie mengine.

Nikaenda nyumbani kwa mchungaji. Wakanikaribisha sebuleni kwenye kochi ambalo bado limevaa nailoni ya dukani, kila nikijigeuza nailoni inapiga kelele chini yangu. Nikapewa juisi ya pakiti. Nilitegemea watakana, watatahayari, watatafuta pa kuweka macho. Mchungaji hakukana hata kidogo, na hilo ndilo lililonichukiza kuliko yote. Alisema sauti si mali ya mtu, ni ya Mungu, na Mungu akiiondoa kwa mmoja anaweza kumkabidhi mwingine. Alisema Mungu anastahili kitu safi, na kwamba ule uimbaji wetu wa zamani ulikuwa ni kumvunjia heshima. Mama Mchungaji akaongeza kwamba ameufanyia wimbo ule mazoezi ya pumzi mpaka anahisi kabisa unatoka kwake, na kwamba akiuimba, alisema akiuimba, bila hata kupepesa, machozi yake huwa ni ya kweli. Akaniambia wimbo utakuwa wa kwanza kwenye albamu yake, yenye picha yake juu, na kwamba mama atakumbukwa katika maombi.

Nikawaambia nguo ya kuazima haisitiri matako. Mama Mchungaji aliweka glasi chini akaniuliza kama hayo ni maneno ya kutamkwa mbele ya mtumishi wa Mungu. Mumewe akaniomba kwa upole, mikono ameikunja, ninyamaze kwa ajili ya waumini walio wachanga kiroho, wasije wakakwazwa. Yaani mwizi yumo ndani na vyombo vyako kichwani, anakuomba ufunge mlango taratibu usije ukaamsha watoto. Niliiacha juisi yao nusu, nikatoka na ile nailoni imenigandia mapajani.

Mama nilimsimulia yote isipokuwa jambo moja. Alinisikiliza huku anapanga vifungo vyangu kwa rangi, hakuinua uso. Nikamwambia sasa tuhame, makanisa yapo mengi. Akachukua chaki akaandika kwamba Jumapili nimpigie pasi gauni lake la bluu. Akafuta, akaendelea na vifungo.

Jumapili ikafika. Taa zikazimwa, Mama Mchungaji akafumba macho, wimbo ukaanza, na mama akainuka. Nilidhani anakwenda msalani. Akapita katikati ya mabenchi bila haraka, akapanda zile ngazi za jukwaa huku ameshika gauni lisimkwaze, akasimama mbele ya yule mwanamke, akamtoa maiki mkononi kidole baada ya kidole, kwa upole kabisa, kama unavyomnyang'anya mtoto wembe.

Sauti ikaendelea.

Mama Mchungaji alizidi kuchezesha midomo, maneno kama mawili matatu, mkono mtupu bado umekunjwa mbele ya kidevu, ndipo akafumbua macho na kufumba mdomo. Mama akaishusha maiki mpaka pajani, akatugeukia, akasimama. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Na sauti yake ikajaa kanisa zima, na ndara yake ikagonga. Sijawahi kumpenda mama kama nilivyompenda pale. Nikasema leo ukweli umepanda jukwaani wenyewe, hauhitaji hata wa kuusemea. Wazee wakaanza kuitambua sauti, nikawaona wanashikana mikono, jina la mama likawa linapita benchi hadi benchi.

Ndipo mchungaji akaruka. Akanyakua maiki yake, ile iliyo hai, akapaza sauti kwamba bubu ameimba, kwamba Bwana amemrudishia mama huyu sauti yake mbele ya macho yetu. Akaita muujiza, akaita tena, na watu wakaitikia.

Ningeelewa kama wangekuwa wageni. Hawa ni majirani zetu, waliokuja hospitali na chupa za chai, wanaojua mama alikatwa nini. Mdomo uliofungwa waliuona. Lakini sauti ilikuwa yake kweli, na maiki alikuwa nayo mkononi, na kwa muda mrefu wamezoeshwa kutojali kama mdomo ulio jukwaani unaimba au hauimbi. Wakapanda wote. Wakamnyanyua mama juu kama kiti. Fundi mitambo, badala ya kuzima, kwa kuchanganyikiwa akaongeza sauti. Mwanamke mmoja akavuta kile kitambaa cha shingoni ili aone kama tundu limeziba, na alipoliona akaingiza kidole. Ndiyo, kidole, chenye jasho na poda, pale mama anapovutia pumzi. Mama akakohoa mpaka macho yakamtoka, na wao wakashangilia kwamba Roho anamshukia. Nilipigana kwa viwiko kumfikia. Besi peke yake alikuwa amesimama nyuma, pamba zake mkononi, anapiga kelele kwamba mdomo umefungwa, jamani mdomo wake umefungwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake besi ile haikusikika.

Tangu hapo nyumbani hakukaliki. Watu wanakuja na chupa za maji mama aziguse. Wanakaa kwenye viti vya wateja wangu, wanagusa vitambaa vya watu. Mchungaji ametangaza mkutano mkubwa mwisho wa mwezi huu, na bango limeshatundikwa barabarani, picha ya mama na ya Mama Mchungaji bega kwa bega. Alikuja mwenyewe kumwomba mama asimame tena jukwaani na maiki, wimbo utawekwa. Ila safari hii, alisema, mama achezeshe midomo kidogo, watu wa mbali wasije wakachanganyikiwa. Alilisema hivyo hivyo, akinywa maji yetu. Mama akamwondolea glasi mbele yake akaenda kuiosha.

Juzi alikuja mwanamume mmoja na binti yake, msichana mkubwa wa kuolewa, mwenye uvimbe kooni kama ule wa mama ulipokuwa unaanza. Baba mtu alitueleza kwa furaha kwamba walishapangiwa upasuaji na yeye ameughairi, wanasubiri mkutano. Mama akampapasa yule binti shingo, akarudi mezani akaandika kwa herufi kubwa kwamba waende hospitali leo hii. Yule baba akasoma, akatabasamu, akasema huo ndio unyenyekevu wa watakatifu, hawapendi sifa. Akapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa. Mama akaipiga meza kwa kiganja mpaka mkasi ukaanguka. Walipoondoka yule binti aligeuka akanitazama, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kukwaruza.

Kwa hiyo unaona nilipofika. Nikisema mimi, wanasema nina wivu. Mama akitikisa kichwa, wanasema ni unyenyekevu. Besi wanasema ni mzee, amechanganyikiwa. Yupo mtu mmoja tu anayeweza kusimama mbele yao akaeleza wimbo ule ulirekodiwa wapi na lini, na akawasikilizisha ule wenyewe, usiopachikwa kinanda wala ngoma, ambamo mama anasikika akibishana kuhusu ndara kabla hajaanza.

Sasa nilifikie jibu la fundi mitambo. Aliniambia wimbo umetoka kwako. Kwamba ulimtumia mchungaji mwenyewe, kwamba albamu nzima ya Mama Mchungaji utaitengeneza wewe, na ndiyo kazi yako kubwa ya kwanza ambayo jina lako litaandikwa juu ya jalada. Alidhani nyumbani tulishakaa tukakubaliana. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, nami ni fundi wa nguo na sikukiona.

Nimejaribu kukutetea, mdogo wangu. Nimesema labda ulidhani wataupiga kwa heshima na jina lake. Nimesema labda ulitaka watu wamsikie tena. Lakini wewe ndiye uliyepachika ngoma, na wewe ndiye uliyejua utawekwa mdomoni mwa nani. Yule mwanamke aliyeingiza kidole nilitaka kumvunja mkono, ila yeye alikuwa anaamini. Wewe ulikuwa unajua. Nakupenda, ni damu yangu, nilikubeba mgongoni kabla sijajua kushika sindano, na bado nikikufikiria siku hizi narudiwa na yale mate ya nyuma ya choo.

Mama nilimficha. Nilisema ameshaibiwa sauti, nisimwibie na mwana. Jana jioni nikiwa nafunga kazi akanivuta mkono mpaka mezani akaandika jina lako. Kumbe alijua tangu Jumapili ile ya kwanza, alipokuwa amenibana goti. Nani mwingine angekuwa na wimbo ule? Nikamuuliza kama amekukasirikia. Akatikisa kichwa, akafikiri, kisha akanionyesha kwa kidole na gumba kwamba ni kidogo.

Lakini si wimbo unaomuuma. Unajua vizuri kwamba siku ile hakuishia pale wanapoukatia kanisani. Ulikuwa umeshanyoosha mkono uzime, mama akakuzuia, na kwa pumzi ile ile akaingia kwenye maombi. Akatuombea mmoja mmoja, kwa yale majina ya nyumbani ambayo hakuna mwingine anayetuita. Mimi kwanza. Wanangu. Baba, ingawa ni marehemu. Wewe ukawa wa mwisho, na lako akalirudia. Ulivua hedifoni ukageukia ukutani kwenye blanketi, nami nikainama nikajifanya natafuta pini. Kesho yake wakampeleka chumba cha upasuaji, na hajaita mtu tena. Fundi mitambo anasema wimbo ulipomfikia ulikuwa umeshakatwa, unaishia mstari wa mwisho wa wimbo.

Mama ameniagiza nikuulize, na haya ni maneno yake kama alivyoyaandika: "Majina yenu umeyaweka wapi?"

Hakuyafuta. Nami sijayafuta, nguo za watu nazikatia upande wa pili wa meza.

Shemeji yako anakusalimu, na watoto wanauliza mjomba anakuja lini. Besi naye anakusalimu sana, hajui lolote kuhusu wewe, bado anakusifu. Njia iwe salama kwako, na Mungu akupe moyo wa kusafiri kabla mkutano haujafika. Njoo na ile rekodi nzima. Na kama kile kipande ulishakitupa, njoo vilevile, umwambie mama mwenyewe, usinitume mimi. Umwambie kwa sauti, kwa kuwa wewe unayo.

Ni mimi dada yako,
fundi cherehani